Somo: Kuwasha CPAP, nebulaiza na chaja ndani ya chumba cha meli ya kitalii

Safari yangu ya kwanza ya meli na mama, ekstensheni yetu ilizuiwa kwenye ukaguzi wa mizigo. Usiku ndipo nikaona soketi zote ziko mezani, kitanda kipo upande wa pili, na waya wa mashine yake ya CPAP, ile inayosukuma hewa kupitia barakoa ili pumzi isikatike usingizini, unaishia katikati ya chumba. Mama alilala kichwa kikiwa miguuni pa kitanda, mashine juu ya kiti, bomba limenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Kila akijigeuza, barakoa inavutika usoni. Sitaki mzazi wa mtu mwingine alale hivyo.

Hatua ya 1: Soma kibandiko cha kila chaja

Fanya hivi ukiwa bado nyumbani. Tafuta neno INPUT. Ukiona 100–240V na 50/60Hz, kifaa hicho kitakubali umeme wa meli, unachohitaji ni adapta ya kubadilisha umbo la plagi tu. Chaja za simu, kompyuta na CPAP nyingi za sasa ziko hivyo. Ukiona 230V peke yake, kiweke kando kwanza, tutakizungumzia kwenye maswali.

Meli nyingi kubwa huwa na soketi za aina mbili: ya Kimarekani ya volti 110 na ile ya Ulaya ya matundu mawili ya mviringo, volti 220. Kwa hiyo beba adapta za aina zote mbili. Plagi za Ulaya watu wengi huzisahau, na mara nyingi soketi hizo ndizo zinazobaki wazi.

Hatua ya 2: Iandikie kampuni ya meli mapema

Usingoje siku ya kupanda. Taja kifaa chenyewe, kisha uliza: soketi ya karibu na kitanda ipo? Mnatoa ekstensheni yenu? Maji yaliyokenekwa ya kuweka kwenye CPAP yanapatikana? Kampuni nyingi hutoa vyote viwili kwa mgonjwa aliyeomba mapema. Mwenye mashine ya oksijeni lazima atoe taarifa. Chapisha majibu yao uyabebe mkononi.

Hatua ya 3: Acha nyumbani ekstensheni yenye kinga ya umeme

Hapa naomba msome polepole. Ile ekstensheni inayozuia umeme unaopanda ghafla ni rafiki nyumbani, lakini melini ni hatari. Umeme wa nchi kavu kwa kawaida una waya mmoja wenye moto na mwingine uliounganishwa na ardhi. Kwenye meli nyingi hakuna waya uliofungwa kwenye bodi ya meli, kwa hiyo nyaya zote mbili zinaweza kuwa na moto. Kinga ile inapokata, mara nyingi hukata waya mmoja tu. Wa pili unabaki hai, kifaa kinaendelea kupata joto, na moto unaanza. Mwaka 2013 Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari kuhusu jambo hili hili.

Mkaguzi akikunyang'anya, usigombane naye. Moto katikati ya bahari hauna pa kukimbilia.

Hatua ya 4: Ukiingia chumbani, kagua kabla ya kufungua mabegi

Angalia nyuma ya televisheni, chini ya kitanda na kando ya taa. Kisha toa kadi kwenye kitundu cha mlangoni kama kipo, uone soketi ipi inazimika. Kuna vyumba ambavyo ukitoka na kadi, chaji inakatika. Betri ya kiti cha magurudumu isiwe inategemea soketi ya aina hiyo.

Soketi ya bafuni ni ya mashine ya kunyolea tu. Usichomeke CPAP hapo.

Maswali ya wanachama

*Dada, nebulaiza yangu, mashine ya kugeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta, imeandikwa 230V 50Hz tu. Adapta itatosha?*

Hapana, ndugu yangu. Adapta haibadilishi volti. Ukiichomeka kwenye 110 itapuliza kinyonge na dawa haitafika kifuani. Hata kwenye 220, umeme wa meli nyingi ni wa 60Hz, na mota yako haikutengenezwa kwa huo. Tafuta nebulaiza ndogo ya betri au ya kuchaji kwa USB.

*Insulini ya baba niiweke kwenye friji ya chumbani?*

Usiiamini kabla ya kuipima. Nyingi ni za kupozea vinywaji tu. Insulini ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8. Weka kipimajoto kidogo humo kwa saa kadhaa, na kisipofika hapo, omba friji ya dawa. Isigusane na barafu pia, kwa sababu ikiganda haifai tena.

*Nitapanda ndege kwanza. Pawabenki ya 20,000mAh inaruhusiwa?*

Zidisha 20,000 kwa volti 3.7, gawa kwa 1,000: unapata 74Wh (wati-saa, kipimo cha umeme uliomo kwenye betri). Kikomo cha kawaida ni 100Wh bila kibali, na kati ya 100 na 160 unaliomba shirika la ndege. Iwe kwenye begi la mkononi, isiingie kwenye mzigo wa chini.

*Shikamoo. Umeme ukikatika usiku, mwenye CPAP atakosa hewa?*

Marahaba mwanangu. Barakoa ya uso mzima ina vali inayofunguka hewa ya nje iingie, na ya pua humwacha apumue kwa mdomo. Ila kukoroma na kukatika pumzi kutarudi. Mama sasa anabeba betri ya CPAP. Ukizima sehemu ya unyevunyevu na bomba la joto, betri hudumu zaidi, maana hizo ndizo zinazokula umeme mwingi. Mwenye mashine ya oksijeni yeye asisafiri kabisa bila betri ya akiba. Na betri yoyote mtakayonunua, ijaribuni nyumbani usiku mzima, mgonjwa akiwa amelala nayo, kabla ya siku ya safari.