Somo: Kuchagua filta za lenzi pana sana, kuanzia nguzo za Isimila (Iringa) hadi uwanda wa maua wa Kitulo

Wadau, wengi wenu mnanunua filta (kioo cha kuweka kwenye lenzi) kwanza kisha mnatafuta namna ya kuifunga. Tuanze na lenzi, maana ndiyo inayoamua.

Hatua ya 1: Angalia kioo cha mbele

Kama ni bapa na ukingo wake una hesi (mifereji ya kuzungushia, kama ya skrubu), soma kipenyo kilichoandikwa kwenye lenzi. Canon EF 16-35mm f/4 ni milimita 77, Sony 16-35mm GM ni 82. Kama kioo kimetuna kama jicho la kinyonga, mfano Nikon 14-24mm f/2.8G, hesi hakuna, na filta ya kuzungusha haifungiki.

Hatua ya 2: Chagua ukubwa

Lenzi yenye hesi hadi 82 inatoshwa na mfumo wa milimita 100: ringi, fremu ya kushikilia, na vioo vya upana huo unavyochomeka. Iliyotuna kwa kawaida inahitaji mfumo wa 150, tena fremu iliyotengenezwa kwa ajili ya lenzi hiyo hiyo. Ni ghali, na ukiupandisha Mlima Rungwe begani utaujua uzito wake. Kama lenzi bado hujanunua, chukua ya f/4 (uwazi mdogo kuliko f/2.8, bei nafuu) yenye hesi. Pesa itakayobaki inanunua filta.

Usipandanishe filta za kuzungusha. Picha zangu za kwanza za Isimila nilipiga kwa 16mm, polaraiza (filta ya kupunguza mng'ao) ikiwa juu ya UV (filta angavu ya kukinga lenzi). Lenzi hiyo inaona nyuzi 107 kutoka pembe hadi pembe, kwa hiyo iliona na ukingo wa filta. Pembe zote zilitoka nyeusi, na mwanga wa asubuhi ile bado naukumbuka.

Hatua ya 3: Filta gani?

Filta nusu, ile yenye giza juu na uwazi chini, inatuliza anga. Matema ukielekea Ziwa Nyasa, upeo umenyooka, hivyo yenye mkato mkali inafaa. Isimila nguzo zinapenya juu ya upeo, na mkato mkali utazitia weusi vichwani. Hapo tumia yenye mkato laini, stopu 3 (kila stopu inapunguza mwanga kwa nusu).

ND, filta yenye giza sawasawa, inapunguza mwanga wote. Stopu 6 inageuza shata (muda wa kupokea mwanga) ya 1/30 ya sekunde kuwa sekunde 2, na maji ya Mto Kiwira pale Daraja la Mungu yanalainika bila kupoteza umbo. Stopu 10 kwa shata hiyo hiyo inakupeleka sekunde 30 na kidogo: nzuri kwa mawingu ya Kitulo, lakini kwa maporomoko naona inaua nguvu ya maji.

Polaraiza ndiyo inayokosewa zaidi. Anga hukolea pale palipo nyuzi 90 kutoka jua, na lenzi pana inachukua sehemu hiyo pamoja na zisizokolea. Unapata doa la bluu nzito katikati ya anga. Itumie msituni na mtoni, anga ikiwa nje ya fremu.

Hatua ya 4: Kioo au resini?

Resini (aina ya plastiki) ni nafuu na haivunjiki kirahisi, ila inachubuka upesi. Kioo kikidondoka maweni, kimekwenda.

Maswali ya wanachama

*Makambako:* Shikamoo mwalimu. Nina Nikon ya sensa ndogo (kipande kinachopokea mwanga) na lenzi ya AF-P 10-20mm. Nahitaji mfumo wa 150?

Marahaba. Hapana. Hesi yake ni 72, kwa hiyo mfumo wa 100 na ringi ya 72 vinatosha. Ukihamia lenzi ya 77, unabadilisha ringi tu.

*Tukuyu:* Kaka, vipi filta za kuweka nyuma ya lenzi?

Sigma 14-24mm f/2.8 DG DN ina nafasi hiyo. Kwa ND ni sawa, kwa filta nusu haiwezekani. Weka filta kwanza, halafu fokasi. Ujue pia kwamba kila ukibadilisha unaifungua kamera, na upepo wa Kitulo una vumbi.

*Iringa mjini:* Mkuu, si naweza kupiga picha mbili, moja kwa anga na moja kwa ardhi, na kuziunganisha kwenye kompyuta?

Kwa filta nusu, mara nyingi ndiyo, ingawa maua yakitikiswa na upepo hayalingani katika picha mbili. Lakini mng'ao ukishafunika jiwe lililolowa, kompyuta haiwezi kukurudishia rangi ambayo kamera haikuiona. Ukiwa na pesa kidogo, anza na polaraiza na ND ya stopu 6. Filta nusu itafuata.