Jinsi ya kuomba hadhi ya 501(c)(3) kwa kikundi kidogo cha muziki wa majaribio na opera: mfano wa California

Hadhi ya 501(c)(3) ni ile ya shirika la hisani linalosamehewa kodi ya serikali kuu ya Marekani. Kama umewahi kukaa kwenye kamati ya harusi, nusu ya kazi ya kuiomba unaijua tayari. Kuna mwenyekiti, katibu, mweka hazina, daftari la michango, na yule mjomba asiyeisha kuuliza hela ya mapambo imekwenda wapi. IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu ya Marekani, ndiyo mjomba mwenyewe. Tofauti ni kwamba huyu haulizi ukumbini, anauliza kwa fomu.

Naandika kwa ajili ya wenzangu wa California wanaofanya sanaa isiyo na kabati lake: anayepitisha zeze kwenye kompyuta, anayetunga opera ya Kiswahili kwa waimbaji wanne na projekta moja, anayechanganya ngoma, video na ukimya. Nilikuwa mweka hazina wa kikundi cha namna hiyo, watu sita, na tulichelewa karibu mwaka mzima kwa hofu isiyo na msingi. Tulidhani IRS watatuuliza huu ni muziki gani. Hawakuuliza. Mwaka 2015 kampuni ya The Industry ya Los Angeles ilicheza opera ndani ya magari yanayozunguka mjini, abiria wakiwa ndio watazamaji, nayo ni shirika lisilo la faida kama mengine. Ugeni wa kazi yako hauna shida. Wanachotaka kujua ni mambo mawili: umma unafaidika vipi, na nani anaweza kuondoka na pesa.

Kabla hujaanza, jiulize kama unahitaji shirika lako mwenyewe. Kama mna onyesho moja tu na mnataka kupokea michango yake, kuna mashirika yanayokubali kuwa mwavuli: mchango unaingia kwao, wanakata asilimia yao, zinazobaki wanawapa ninyi. Fractured Atlas na New York Foundation for the Arts wanafanya kazi hiyo kwa wasanii. Mimi ningeanzia hapo na kutazama mwaka mmoja. Shirika ni kama ng'ombe wa maziwa, halikubali likizo.

Hatua ya kwanza: bodi

Sheria ya California inaruhusu bodi ya mkurugenzi hata mmoja, lakini usifanye hivyo. Unahitaji mwenyekiti au rais, katibu na mweka hazina, na rais haruhusiwi kuwa katibu wala mweka hazina kwa wakati huohuo. Watu watatu ni wachache, watano wanatosha vizuri.

Hapa ndipo vikundi vya watu wetu hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo. California inasema wasizidi asilimia 49 wajumbe wa bodi ambao wamelipwa na shirika kwa kazi yoyote ndani ya miezi 12 iliyopita, nje ya malipo ya kawaida ya ujumbe wenyewe. Na hesabu hiyo inawabeba jamaa zao: mke au mume, mzazi, mtoto, kaka, dada, hata shemeji na wakwe. Sasa tazama kikundi cha kawaida. Mtunzi yuko kwenye bodi na analipwa dola 500 kwa kutunga. Mkewe ni katibu. Mdogo wake anapiga kibodi kwa malipo na yeye pia ni mjumbe. Bodi ni ya watu watano, watatu tayari wamo ndani ya hesabu, na mmeshavunja sheria kabla ya onyesho la kwanza. Katika bodi ya watano, wanaoruhusiwa ni wawili tu.

Dawa yake si kuficha undugu. Tafuta watu wawili watatu wasiolipwa: mwalimu wa shule, mhasibu wa msikitini au kanisani, jirani anayependa maonyesho. Mtunzi anaweza kulipwa na akabaki kwenye bodi, ila atoke chumbani wakati wengine wanapiga kura kuhusu malipo yake, na katibu aandike kwenye kumbukumbu kwamba alitoka.

Hatua ya pili: usajili wa jimbo

Hati ya kuanzisha shirika inapelekwa kwa Katibu wa Jimbo la California kupitia tovuti ya bizfile. Chagua fomu ya shirika la manufaa ya umma, iitwayo ARTS-PB-501(c)(3). Ada ni dola 30. Uzuri wa fomu hiyo ni kwamba maneno mawili ambayo IRS huyasaka tayari yamechapwa humo: kwamba shirika limeundwa kwa madhumuni ya hisani au ya umma, na kwamba likivunjwa mali yake itakwenda kwa shirika jingine la aina hiyo, si kwa wanachama. Ukiandika hati yako mwenyewe, usisahau kifungu cha kuvunjwa.

Fomu itauliza madhumuni mahususi. Hapa msanii huvaa kanzu ya mshairi, nami nilifanya hivyo. Rasimu yetu ya kwanza ilisema tunakusudia "kufungua masikio ya dunia kwa sauti ambazo bado hazijazaliwa." Mjumbe wetu mwalimu akaisoma, akavua miwani, akasema, "Mwanangu, hii ni dua." Tukaandika upya: kutunga na kuonyesha kwa umma kazi mpya za muziki, opera na sanaa mseto, na kuendesha warsha za bure kwa vijana. Bila manukato, na ikapita.

Neno warsha lina uzito kuliko linavyoonekana. Sheria ya kodi inatambua madhumuni ya hisani na ya elimu, na kanuni zake zinapotoa mifano ya mashirika ya elimu zinataja makumbusho, bustani za wanyama na okestra za simfoni kwenye mstari mmoja. Simba na fidla wameketi pamoja. Kwa hiyo onyesho la umma lenyewe linahesabika kuwa elimu, na ukiongeza mafunzo hoja yako inasimama imara zaidi. Usiahidi tu warsha ambayo hutaifanya.

Ndani ya siku 90 baada ya kusajiliwa, peleka taarifa ya shirika kwa ofisi hiyohiyo, dola 20, kisha kila baada ya miaka miwili. Ni fupi, na watu huisahau kwa sababu hiyo.

Hatua ya tatu: namba na kikao cha kwanza

Jimbo likishakubali, omba EIN, namba ya utambulisho wa mwajiri, kwenye tovuti ya IRS yenyewe. Unahitaji hata kama hamtaajiri mtu. Ni bure na namba inatoka palepale, mradi aliyeandikwa kama mhusika mkuu ana namba ya Social Security au ITIN, namba ya kodi ya asiye na Social Security. Mimi nilitafuta mtandaoni usiku nikiwa nimechoka, nikabofya tangazo la juu lenye tai kwenye nembo, nikalipa dola zaidi ya 200 kwa kitu cha bure. Tazama anwani: lazima iishie na .gov.

Halafu itisheni kikao. Pitisheni katiba ya ndani, chagueni viongozi, amueni mwaka wa fedha unaanza lini, na pitisheni sera ya mgongano wa maslahi. Maelekezo ya Fomu 1023, fomu ya ombi lenyewe, yana mfano wa sera hiyo, hakuna haja ya kubuni. Kumbukumbu za kikao hicho, pamoja na EIN na hati ya usajili, ndizo benki itakazotaka kabla ya kufungua akaunti. Michango isipitie akaunti ya mtu binafsi hata siku moja, hata kama huyo mtu ni shehe au mchungaji.

Hatua ya nne: ombi lenyewe

Kuna fomu mbili, zote zinajazwa kwenye Pay.gov na kulipiwa hapohapo kwa kadi au akaunti ya benki. Fomu 1023-EZ ni fupi, ada dola 275. Fomu 1023 kamili ni dola 600. Ada hairudishwi ukikataliwa.

Ile fupi ni kwa wadogo: mapato ghafi yasizidi dola 50,000 katika mwaka wowote kati ya mitatu iliyopita, wala msitegemee kuzidi hapo katika mwaka wowote kati ya mitatu ijayo, na mali yote isizidi thamani ya dola 250,000. Mali inahesabiwa kwa bei ya soko, kwa hiyo piano kubwa mliyopewa na mjane mwema inaingia kwenye hesabu. Kwenye maelekezo ya fomu kuna orodha ya maswali ya kujipima. Jibu moja tu la ndiyo linakupeleka kwenye fomu kamili. Wanaoanguka hapo mara nyingi ni wale walioendesha bendi kama LLC, yaani kampuni ya biashara yenye dhima ya ukomo, na sasa wanataka kuigeuza, na wale waliosajili shirika lao nje ya Marekani. Kikundi kilichosajiliwa Nairobi au Dar es Salaam hakiwezi kutumia fomu fupi.

Ukiijaza EZ utaandika maelezo ya kazi yenu yasiyozidi herufi 255. Hesabu na nafasi zilizo katikati. Kisha utachagua msimbo wa NTEE, unaoonyesha aina ya shirika lenu: A6A ni opera, A68 ni muziki, A60 ni sanaa za maonyesho kwa jumla. Sisi tulibishana siku tatu kati ya A6A na A68, ubishi wa bure kabisa. Chagua ule unaofanana na kitu mnachofanya mara nyingi.

Baada ya hapo kuna maswali ya ndiyo na hapana, na hapa watu hudanganya kwa woga. Fomu inauliza kama mtafanya miamala ya fedha na viongozi wenu. Kama mtunzi aliye kwenye bodi atalipwa, jibu ni ndiyo. Inauliza kama mtafanya shughuli au kutoa msaada nje ya Marekani. Kama mnakusudia kumlipa mpiga kanuni (ile ala ya nyuzi) wa Zanzibar kwa kurekodi sehemu yake, jibu ni ndiyo. Jibu la ndiyo hapo halikuangushi. Linakudai uweke mikataba na risiti, na bodi ibaki na mamlaka juu ya pesa mpaka ya mwisho. Ukisema hapana kisha mwaka unaofuata ukatuma pesa Zanzibar, umejichimbia shimo mwenyewe.

Sehemu ya aina ya hisani inachanganya. Kikundi kinachotegemea michango, ruzuku pamoja na tiketi mara nyingi hukaa vizuri chini ya kifungu cha 509(a)(2) cha sheria ya kodi, ambacho kinahesabu mauzo ya tiketi kama msaada wa umma. Kinachoishi kwa michango na ruzuku zaidi huenda kwenye 170(b)(1)(A)(vi). Kwa miaka mitano ya kwanza mnachukuliwa kuwa hisani ya umma bila kupimwa kama msaada wa umma unatosha, vipimo vinaanza mwaka wa sita.

Fomu kamili inataka zaidi: maelezo marefu ya kazi zenu, makadirio ya mapato na matumizi, na viambatisho vyote kwenye faili moja la PDF lisilozidi megabaiti 15. Kwenye maelezo andika kama unamsimulia shangazi: onyesho ngapi kwa mwaka, wapi, kiingilio kiasi gani, nani anaingia bure, nani analipwa na kiwango kiliamuliwaje. Usiambatanishe rekodi ya muziki.

Tuma ombi ndani ya miezi 27 kuanzia mwisho wa mwezi mliosajiliwa. Mkiwahi, msamaha unarudi nyuma mpaka siku ya usajili, na michango mliyopokea mwanzoni inalindwa. Fomu fupi kwa kawaida hujibiwa ndani ya wiki chache, ile kamili huchukua miezi. Kumbuka pia kwamba maombi haya yako wazi kwa umma, pamoja na majina na anwani za wakurugenzi. Tumieni sanduku la posta.

Hatua ya tano: jimbo tena

Barua ya IRS ikifika, watu hupika pilau na kusahau jimbo. Peleka nakala yake kwa Franchise Tax Board, mamlaka ya kodi ya jimbo, pamoja na Fomu 3500A, bila ada. Usipofanya hivyo, jimbo laweza kuwadai kodi ya chini ya dola 800 kwa mwaka kana kwamba ni kampuni ya biashara.

Kisha kuna rejista ya hisani ya Mwanasheria Mkuu wa California: Fomu CT-1, dola 50, ndani ya siku 30 tangu mpokee mali yoyote kwa mara ya kwanza. Saa hiyo inaanza kuhesabu hata kabla ya barua ya IRS, mara mchango wa kwanza unapoingia.

Baada ya hapo kila mwaka: mapato yakiwa kwa kawaida dola 50,000 au pungufu, kadi ya kielektroniki 990-N kwa IRS kufikia siku ya 15 ya mwezi wa tano baada ya mwaka wa fedha kwisha, 199N, taarifa kama hiyo, kwa jimbo, na taarifa za mwaka RRF-1 pamoja na CT-TR-1 kwa Mwanasheria Mkuu, ada dola 25 kwa shirika la chini ya dola 50,000. Kadi ya 990-N inajazwa kwa dakika kumi, lakini ukiiruka miaka mitatu mfululizo hadhi inafutika yenyewe na unaanza upya na ada upya. Mchangiaji wa dola 250 au zaidi mpe barua inayosema kiasi alichotoa na kama alipata chochote badala yake, tiketi ikiwemo.

Na yule aliyeandikwa mhusika mkuu kwenye EIN akiacha nafasi hiyo, Fomu 8822-B iende IRS ndani ya siku 60. Kwetu aliyeandikwa alikuwa mpiga fidla aliyerudi Bukavu, na barua zetu zilikuwa zikimfuata kwenye nyumba aliyokwisha kuhama huko Oakland.