Tumbo Likikaza Ghafla: Kuutambua Uvimbe wa Utando wa Tumbo na Kumfikisha Mgonjwa Hospitali

Ndani ya tumbo mna utando mwembamba uliotanda ukutani na kufunika ini, utumbo na viungo vingine. Usaha, asidi, nyongo au kinyesi kikimwagika hapo, utando huwaka na kuvimba. Madaktari huuita ugonjwa huo peritonitisi. Vijidudu huingia kwenye damu, na mgonjwa asipotibiwa aweza kufa kwa siku chache.

Chanzo mara nyingi ni kidole tumbo kilichopasuka au kidonda cha tumbo kilichotoboka, hasa kwa anayemeza dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni mara kwa mara. Homa ya matumbo nayo hutoboa utumbo, kwa kawaida kuanzia wiki ya tatu ya ugonjwa. Kifua kikuu cha tumbo huja polepole, kwa wiki au miezi.

Mtazame mgonjwa kabla ya kumgusa. Mwenye msokoto au mawe ya figo hujigaragaza. Mwenye peritonitisi hulala tuli, magoti ameyakunja, pumzi fupifupi. Mwambie akohoe: maumivu yakimchoma mahali pamoja, hiyo ni dalili kubwa. Kisha weka kiganja kilichopashwa joto, ubonyeze taratibu ukianzia mbali na panapouma. Tumbo lililo gumu kama ubao, lisilolegea hata akivuta pumzi, halisubiri asubuhi. Usirudierudie kubonyeza. Hesabu mapigo ya moyo dakika nzima. Kwa mtu mzima aliyetulia, zaidi ya 100 ni tahadhari. Uliza pia mkojo wa mwisho ulikuwa lini na kama anatoa upepo. Swali hili lisionewe haya, kwa kuwa utando ukivimba, utumbo huacha kufanya kazi.

Mtego mbaya ni huu: maumivu ya kidole tumbo huanzia karibu na kitovu, yakahamia chini kulia, kisha yakapungua ghafla. Jamaa hushukuru Mungu, kumbe kimepasuka na shinikizo ndilo lililoshuka. Baadaye tumbo lote huuma. Na kwa mzee, mwenye kisukari au anayetumia dawa za steroidi, tumbo huenda lisikaze kabisa. Kwake homa, kutapika na kuchanganyikiwa vyatosha kumpeleka.

Asile wala asinywe, hata maji, kwa sababu kinachoingia chaweza kumwagikia kwenye utando, na tumbo lililojaa ni hatari wakati wa nusukaputi. Haluli na enema huusukuma utumbo na kueneza uchafu. Kukandwa kwa mafuta kwa kudhani ni chango au ngiri hufanya vivyo hivyo. Antibiotiki za kubahatisha kutoka duka la dawa huficha dalili bila kuziba tundu.

Mpeleke penye chumba cha upasuaji. Kwa Mombasa, Hospitali Kuu ya Pwani, ile Makadara ya wenyeji, hufanya kazi hiyo. Mkitoka Likoni, waambieni wahudumu wa feri mapema kwamba mna mgonjwa mahututi. Ndani ya gari mwegemeze, mto chini ya magoti, na dereva apunguze mwendo kwenye matuta. Beba dawa zake zote. Mwanamke aseme hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini, maana mimba iliyotunga nje ya kizazi ikipasuka hufanana na ugonjwa huu.

Hospitalini atawekewa dripu, antibiotiki za mshipani na mpira wa puani wa kutoa yaliyomo tumboni. Eksirei akiwa ameketi wima yaweza kuonyesha hewa chini ya kiwambo, yaani msuli unaotenga kifua na tumbo, ishara ya tundu. Daktari wa upasuaji huziba au kukata palipoharibika, kisha huosha tumbo kwa lita kadhaa za maji ya chumvi yenye uvuguvugu.

Si wote hupasuliwa. Mwenye ini lililosinyaa na maji tumboni hutolewa maji kwa sindano; seli nyeupe za kupambana na vijidudu, aina ya neutrofili, zikifika 250 kwa milimita moja ya ujazo, hutibiwa kwa antibiotiki. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa maji yanayotiwa na kutolewa tumboni akiona maji yanayotoka yana ukungu, apeleke mfuko huo kliniki siku hiyohiyo.

Baada ya upasuaji, homa ikirudi, kwikwi zisipokoma au kidonda kikitoa usaha, arudishwe wodini: huenda jipu limejikusanya ndani.