Namna ya Kupanga Mji Mdogo Pamoja na Wakazi Wake: Kutoka Ramani ya Mezani Hadi Bajeti ya Kaunti

Miji mingi midogo kati ya Nakuru na Kisumu, kama vile Njoro, Elburgon, Molo na Muhoroni, imekaa kando ya reli ya zamani, na ukiitembelea utaona jinsi wakazi walivyojipangia mambo yao muda mrefu kabla ya mpangaji yeyote kufika na kalamu yake. Njia za miguu zinakatiza relini mahali palipo rahisi, steji ya bodaboda iko pale abiria wanaposhukia, na soko humwagika barabarani siku yake inapofika. Mwongozo huu nimewaandikia maafisa wa mipango, wanakamati wa miji na viongozi wa vikundi ambao wamekabidhiwa kazi ya kukusanya maoni ya wakazi kuhusu mji wao wa miaka ijayo. Ninachosisitiza ni kimoja: kila pendekezo la mkazi lipewe namba, na namba hiyo ifuatwe mpaka ipate jibu.

Hatua ya kwanza: jua nani anaamua nini

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 10, inautaja ushirikishaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 inawapa wakazi haki ya kushiriki katika uendeshaji wa mji wao. Baada ya marekebisho ya 2019, sheria hiyo inahitaji wakazi wasiopungua 10,000 ili eneo liitwe mji, na 50,000 ili liwe manispaa. Angalia eneo lako liko daraja gani, kwa kuwa hapo ndipo utakapojua kama utafanya kazi na bodi ya manispaa, na kamati ya mji, au moja kwa moja na idara ya kaunti.

Kisha soma Jedwali la Nne la Katiba. Masoko, barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho, uzoaji wa taka, mifereji ya maji ya mvua na vichinjio ni kazi za kaunti. Shule za msingi, barabara kuu za kitaifa na ardhi ya reli si mambo ambayo kaunti inaweza kuyaamua peke yake. Waeleze wakazi hivyo mapema, kwa maana mkutano unaoahidi kuhamisha reli huleta makofi siku hiyo na matusi mwaka unaofuata.

Hatua ya pili: andaa ramani ambayo watu wataisoma

Chapisha picha ya mji iliyopigwa kutoka angani kwenye karatasi kubwa inayojaa meza nzima. Usitumie mchoro wa ploti wenye namba za usajili peke yake, kwa sababu mchoro huo husomwa na wapimaji na madalali wa ardhi tu. Andika majina ambayo watu huyatumia: kwa fundi baiskeli, kanisani juu, kisima cha zamani. Mkazi akishaliona paa la nyumba yake, hahitaji kufundishwa kusoma ramani.

Hatua ya tatu: tembea kabla ya kuitisha mkutano

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, nami niliwahi kuiruka. Mwaka wangu wa pili katika kazi hii nilifika kwenye mji mmoja nikiwa na mapendekezo yaliyokwisha kuchorwa, yakiwemo maegesho ya magari kwenye uwanja ambao picha yangu ilionyesha kuwa mtupu. Mama mmoja muuza viazi aliweka kidole juu ya ule uwanja na kuuliza, “Mwanangu, picha hii ilipigwa siku gani?” Ilikuwa imepigwa Jumapili. Siku ya soko, malori ya viazi hushushia magunia papo hapo kuanzia alfajiri, na wachukuzi kadhaa hupata riziki yao ya wiki kabla ya saa nne asubuhi.

Tangu siku hiyo mimi huutembea mji mara tatu: siku ya soko, siku ya kawaida jioni, na mara moja mvua ikiwa inanyesha au imetoka kunyesha. Ongozana na watu wanne au watano wasiofanana, kwa mfano mwendesha bodaboda, mwanafunzi, mzee wa mtaa, mama mboga na mtu anayetumia kiti cha magurudumu. Waombe wakuonyeshe, badala ya kukueleza tu, mahali wanapochelewa, wanapoogopa na wanapokanyaga maji. Weka alama kwenye ramani palepale. Matembezi ya mvua ndiyo yenye faida kubwa kuliko yote, kwani mtaro ulioziba hauhitaji mjadala ukiwa umesimama ndani yake.

Hatua ya nne: gawa baraza kubwa kuwa vikao vidogo

Baraza la chifu lina nafasi yake, hasa kwa kutangaza na kuhalalisha. Hata hivyo, barazani huzungumza wale waliozoea kuzungumza, na wapangaji wa vyumba, ambao katika miji hii ni wengi, hunyamaza mbele ya wenye nyumba. Fanya vikao vya watu kumi hadi kumi na watano: wauza sokoni baada ya saa nane mchana biashara ikipungua, waendesha bodaboda stejini kwao, vijana wikendi, wenye ploti kivyao.

Usiulize “Mnataka nini?” Utapata hospitali, chuo kikuu na kiwanda. Uliza swali lenye mipaka: “Tukipata fedha za kutengeneza vitu vitatu kwenye barabara hii, tuanze na kipi, na nani ataumia tukianza nacho?” Mpe kila mshiriki punje tano za maharagwe aziweke juu ya ramani mahali anapotaka papewe kipaumbele. Punje humpa mnyamavu sauti sawa na ya msemaji, na hesabu yake hufanyika mbele ya wote.

Hatua ya tano: daftari la namba

Nunua daftari lenye jalada gumu. Kila pendekezo liandikwe kwa maneno ya mwenyewe, pamoja na mahali, tarehe, kikao lilikotoka na namba yake. Acha safu mbili tupu: jibu, na sababu. Usiandike majina ya watu kwenye nakala itakayobandikwa, hasa pale malalamiko yanapohusu ploti zilizonyakuliwa.

Hatua ya sita: fuata kalenda ya fedha

Maoni yakikamilika Oktoba, yatakuwa yamechelewa. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka wa kaunti hupelekwa kwenye bunge la kaunti kabla au ifikapo tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti ifikapo tarehe 30 Aprili, ili mwaka wa fedha uanze tarehe 1 Julai. Kwa hiyo matembezi na vikao vifanyike kati ya Machi na Juni, na mwezi wa Julai daftari lifikishwe kwa idara ya mipango na kwa mwakilishi wa wadi, nawe ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Rasimu ya mpango wa matumizi ya ardhi ikishatangazwa chini ya sheria ya 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi, soma kwenye tangazo muda wa kuwasilisha pingamizi, kisha ipeleke rasimu hiyo kwenye vikao vilevile, juu ya meza ileile.

Hatua ya saba: rudi na majibu

Bandika orodha ya namba zote sokoni na kwenye ofisi ya wadi: zilizokubaliwa, zilizoahirishwa na zilizokataliwa, kila moja na sababu yake kwa Kiswahili cha kawaida. “Namba 34, taa za njia ya relini: zimeahirishwa, kibali cha wenye reli hakijapatikana” ni jibu ambalo mkazi anaweza kulibishia au kulikubali. Chagua siku ya soko, simama kando ya orodha hiyo tangu asubuhi, na ubebe daftari, kwa sababu kuna atakayekuja akitafuta namba yake asiione.