Mistari minane chai ikichemka
Kama kila ukianza kusoma Biblia unaishia njiani, jaribu hivi: Zaburi ya 119, mistari minane tu, wakati chai ya asubuhi iko jikoni. Zaburi hiyo ndefu ina mistari 176, lakini imegawanyika yenyewe katika mafungu 22 ya mistari minane minane kwa kufuata herufi za Kiebrania, hivyo huhitaji kupanga uishie wapi. Biblia ikae jikoni, si chumbani. Soma kwa sauti ya chini, kisha chukua mstari mmoja uugeuze sala; wa 18, wa kumwomba Mungu akufumbue macho, ni mzuri sana kuanzia. Inasaidia kwa sababu chai utaipika tu, hata siku ambayo moyo ni mzito. Ukisomea kwenye simu itakushinda, maana ujumbe ukiingia tu umeshapotea. Ukiwa safarini hupiki chai na zoea hili hukwama, kwa hiyo huko soma kabla ya kupiga mswaki. Ukiruka siku, usisome kumi na sita kufidia. Deni la mistari limewakatisha wengi tamaa, na Mungu hakudai hivyo.