Kuongeza mwendo wa boti ya faiba bila kununua mashine kubwa

Boti ya faiba ya futi 23 yenye mashine ya nguvu farasi 40 ikitoka Wesha kwenda Misali, huko Pemba, huku inalima maji badala ya kupanda juu yake, mwenyewe huanza kuulizia bei ya mashine ya 60. Kabla ya hapo, tafuta asubuhi moja ya bahari shwari, siku za maji mafu, ufanye haya.

1. Punguza uzito

Fua ngama (chini ndani ya boti, maji yanapotuama) ikauke, teremsha kisicho na kazi, sugua mwani na vigamba chini. Lita 100 za maji ya ngama ni kilo 100 zinazosafiri bure. Mashine isiyokojoa vizuri, yaani isiyotoa vyema ule mchirizi wa maji ya kuipoza, itengenezwe kwanza.

2. Pata namba

Bila kipima mizunguko unabahatisha tu. Vile vidogo vinavyofungwa kwenye waya wa plagi vinatosha, ila kipange kulingana na mashine yako, maana kikipangwa vibaya husoma nusu au mara mbili. Mashine ya 40 ikisoma mizunguko 10,000 kwa dakika, kosa ni la kipimo.

Mwendo upime kwa GPS ya simu. Fungua mafuta yote, nenda, geuka, rudi njia ile ile, kisha chukua wastani. Ukipata noti (maili za baharini kwa saa) 25 kwenda na 22 kurudi, mwendo wako ni 23.5. Anayejisifia 25 anausifia mkondo.

3. Kimo cha mashine

Hapa ndipo saa zinapoliwa.

Juu ya propela kuna bapa la chuma lililolala kama sinia. Boti ikiwa imekaa mchangani maji yametoka, simamisha mashine wima, kisha shikiza ubao ulionyooka chini ya boti uelekee kwenye mashine. Vitabu vya Yamaha vinataka bapa liwe kati ya usawa wa chini ya boti na milimita 25 chini yake. Si ajabu kulikuta limezama sentimita 7: mashine ya mguu mrefu inataka ubao wa tezi (ule wa nyuma inapofungwa mashine) wenye kimo cha inchi 20, mfupi inchi 15, na boti iliyojengwa kwa makisio huangukia katikati. Kila sentimita inayozidi ni chuma kinachokokotwa majini.

Pandisha sentimita 1 kwa kila jaribio, kwa kipande cha mbao ngumu chini ya mabano. Skrubu za mkono peke yake hazitoshi. Funga bolti, ziba matundu yasipitishe maji, na mashine ifungwe kamba ya akiba. Endelea mpaka propela ianze kuvuta hewa: mlio unapaa ghafla, boti inalegea, hasa kwenye kona. Hapo shusha sentimita 1. Muda wote huo tazama mkojo wa mashine. Ukipungua, shusha hata kama mwendo umekufurahisha, kwa sababu tundu la kunyonyea maji limekaribia hewa na mashine itachemka.

Yapo mawili yanayopotosha. La kwanza ni mkuku, ule uti wa chini ya boti. Faiba zetu nyingi mkuku unafika hadi tezi, na povu lake linaipiga propela moja kwa moja. Mashine inavuta hewa ingawa bapa liko chini, nawe unazidi kuishusha, mwendo unazidi kufa. Dawa ni kumpa fundi wa faiba auchonge mkuku uishie taratibu kabla ya tezi, kisha azibe upya kwa matabaka ya faiba. Usiuache wazi ukanywa maji.

La pili ni raba iliyo ndani ya propela. Ikichoka, mlio unapaa vile vile kana kwamba ni hewa. Piga mstari mmoja wa rangi unaovuka kutoka bomba la ndani hadi mwili wa propela, kaza mafuta, rudi utazame. Mstari ukikatika vipande viwili visivyokutana, acha kupandisha na kushusha. Raba imekwisha.

4. Pini ya kuegemeza

Hii ndiyo pini ya kwenye mabano inayoamua mashine iegemee tezi kiasi gani. Sogeza tundu moja nje, jaribu. Boti ikianza kurukaruka kama pomboo, rudisha moja.

5. Propela

Kitabu cha mashine kina kiwango cha mizunguko ya mafuta yote, tuseme 4,500 hadi 5,500. Ukiwa na mzigo wako wa kawaida, fika karibu na juu ya kiwango hicho. Ukiishia chini, punguza pichi (inchi ambazo propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja), ukipita, ongeza. Inchi 1 ya pichi hubadilisha mizunguko kama 150 hadi 200.

Hesabu ya mwendo ambao propela ingeleta bila kuteleza: mizunguko mara pichi, gawa kwa gia (mizunguko ya mashine kwa mmoja wa propela), gawa kwa 1,215. Mizunguko 5,200, pichi 13, gia 2 inatoa noti 27.8. Ukipata 23.5 unapoteza kama asilimia 15, inavumilika. Ikifika asilimia 25, rudi hatua ya 3.

Propela ya stili inakimbia zaidi, lakini kwa matumbawe yetu chukua alumini: ikigonga mwamba unapinda ubawa, wakati stili hupeleka kishindo kwenye gia. Na kama boti hiyo hiyo asubuhi inabeba wageni kumi, usiku inavua na watu watatu, propela moja haitafaa safari zote mbili. Weka mbili, badilisha ufukweni.