Mtoto asiyetulia kavunjika mguu? Jiandae kwa wiki ya pili

Nafanya kazi ya fiziotherapia katika wodi ya watoto. Wazazi wengi hujiandaa kwa zile siku tatu za mwanzo, mtoto anapolia kwa maumivu. Mimi huwaambia wajiandae kwa wiki ya pili. Maumivu yameshapungua, P.O.P, yaani plasta ngumu, bado iko mguuni, na yule aliyeanguka kutoka juu ya mwembe ameanza kuwasikiliza wenzake wanaocheza nje. Hapo ndipo anapojaribu kurukaruka kwa mguu mmoja, akaanguka tena.

Hatua hizi ni za mtoto wa miaka 7 au 8 hivi, aliyevunjika mfupa wa goko, akafungwa plasta kupita goti na kuambiwa asikanyage.

Hatua ya 1: Mtoe chumbani. Mlaze barazani au sebuleni, mahali watu wanapopita, mguu ukiwa umeinuliwa kwa mito.

Hatua ya 2: Kagua vidole kabla ya mchezo wowote. Vikiwa vya baridi, vimevimba sana, vimebadilika rangi au vimekufa ganzi, au maumivu yanazidi badala ya kupungua, rudi hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Hatua ya 3: Tengeneza bao. Huu ndio mchezo ninaoutegemea kuliko yote, maana unamkalisha mtoto na kumchosha akili. Chukua trei mbili za mayai, kila moja ubakize vishimo 16, vinne kwa vinne, kisha uziunganishe. Una mashimo 32. Kete ni 64: komwe, kokoto au mbegu za ubuyu. Usianze na namua, ile hatua ya mwanzo ya kuingiza kete moja moja, itamkatisha tamaa. Weka kete mbili kila shimo, mcheze kama wanaojifunza. Kila anapoliwa kete, achezeshe vidole vya mguu mara 10. Ni zoezi zuri, na hatalalamika.

Mkimaliza, hesabuni kete zote, zifike 64. Msiruke jambo hili. Watoto hutumbukiza vitu ndani ya plasta, na mbegu moja tu ikibaki humo husugua ngozi mpaka ikawa kidonda, nanyi msijue hadi kianze kunuka. Kama kuna mdogo wake anayetambaa, kete zikae juu, asije akazimeza.

Hatua ya 4: Mpe kazi ya kweli. Achambue mchele, amenye njegere, achambue mchicha. Mtoto aliyezoea kutumwa dukani huumia sana akiona hakuna anayemtuma tena.

Hatua ya 5: Walete wenzake. Wakicheza chandimu uani, yeye awe refa, na filimbi yake mkononi. Jioni arushe mpira wa soksi kwenye ndoo, akiwa ameketi, kila siku ndoo isogezwe mbali kidogo. Kama kiti chake kina mikono imara, ajisukume juu kwa mikono yake mara chache, wewe ukiwa umeushika mguu. Akipewa magongo, mikono hiyo ndiyo itakayombeba.

Hatua ya 6: Usiku. Muwasho huzidi taa zikizimwa, kwa sababu hana kingine cha kufikiria. Usimpe rula wala kijiti ajikune ndani, na usimwagie poda. Gongagonga plasta kwa nje, au mpepee kwenye uwazi wa juu. Kisha tega: kuku wangu katagia mibani. Akishasema nanasi, mwachie zamu. Yeye aseme "Kitendawili!", wewe uitike "Tega!", na ukishindwa umpe mji anaoutaka. Wengine hulala kabla hawajafika mji wa tatu.